Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maji ya Mombasa: Njooni na Chupa Kabla Samaki Hawajaelea

Kwa: Wakuu mliokabidhiwa maji, mazingira na uvuvi, Mombasa

KUH: KUTOPIMWA KWA VIJIMEA VYA BAHARINI KATIKA HORI YA TUDOR

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote mnazostahili, hii ni barua ya nne. Tatu zilizotangulia niliwaandikia faragha, kama mtu mzima anavyomvuta mwenzake pembeni. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaambiwa faili halionekani. Ya tatu sikuambiwa lolote. Ofisi siitaji, wala jina la mtu silitaji. Aliyezipokea anajijua, na sikuja kumwaibisha. Nimeileta hii mbele ya watu kwa sababu hori ya Tudor, mkono huu wa bahari unaoingia nchi kavu, si yangu, wala si yenu peke yenu. Kuna watu watakaokula kutoka humo leo usiku.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Nimefundisha miaka 32, zaidi ya nusu yake katika maabara ambayo dirisha lake linatazama maji. Siku hizi nina chama kidogo cha sayansi cha vijana wa mtaani, na kila Jumamosi tunateremka kupima uangavu wa maji kwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Sahani hiyo aliibuni padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865. Unaiteremsha mpaka ipotee machoni, unasoma urefu wa kamba, unaandika. Yetu tuliikata kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi.

Sasa nianze na asubuhi iliyoleta barua hizi zote.

Ilikuwa kaskazi, maji mafu, upepo hakuna. Kabla ya saa kumi na mbili jirani yangu mwenye malema, mitego ya samaki, alinigongea. "Mwalimu, njoo uone, bahari imegeuka chai." Nikavaa kandambili nikamfuata. Kweli, kutoka mikokoni hadi katikati ya mkondo maji yalikuwa rangi ya chai kavu iliyolala. Kaa walikuwa wamepanda mizizi ya mikoko na kuketi juu. Mkizi walikuwa wakielea. Sote tunaijua ile hasira ya mkizi iliyo tijara ya mvuvi, lakini siku hiyo mkizi hakuwa na hasira yoyote, alikuwa tumbo juu. Jirani akavuta lema moja: tafi saba ndani, wote wamekufa, midomo wazi, matamvua yamefunuka kama waliokuwa wakitafuta pumzi.

Tulipiga simu. Saa nne afisa akaja. Alisimama juu ya ukuta, akatazama, akapiga picha mbili kwa simu yake, akasema, "Haya ni mafuta ya meli tu, Mwalimu." Nikachovya kidole mbele yake. Mafuta huacha utelezi na rangi za upinde wa mvua, na harufu yake haifichiki. Kidole changu kilinuka majani mabichi yaliyofyekwa. Akaniambia ataandika ripoti, akaondoka. Tangu saa nne ile mpaka leo hakuna mtu wenu aliyeteka hata kikombe kimoja cha maji yale.

Mimi niliteka. Chupa mbili: moja nikaitia matone ya iodini ili vilivyomo vibaki kama vilivyo, nyingine nikaiacha hai nikakimbia nayo kwenye hadubini ya shule. Katika tone lile hai vilijaa viumbe vinavyozunguka kama pia, kila kimoja kimefungwa mshipi kiunoni. Hao ni dinoflagelati, aina mojawapo ya vijimea vya baharini. Kijana wangu mmoja alitazama akanyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, na haya ndiyo tunayoogelea?"

Hoja zangu ni hizi.

1. Hakuna ratiba ya kupima.

Fitoplanktoni ni vijimea vya baharini, vingi vyake vya chembe moja, vinavyoelea popote mkondo unapovipeleka. Vinakula jua kama mahindi shambani. Uzito wake haufiki asilimia 1 ya mimea yote ya dunia, ilhali karibu nusu ya kazi yote ya kugeuza hewa ya ukaa kuwa chakula hapa duniani inafanywa navyo. Vijidudu viitwavyo kopepodi huvila, dagaa humla kopepodi, kolekole humla dagaa, na kolekole tunampaka nazi. Anayedharau vijimea hivi amewadharau wote hao waliokaa juu yake.

Lakini si vyote vya aina moja, na hapa ndipo penye maana ya kupima. Dayatomu wana ganda la silika, kama kioo, na hustawi maji yakikorogwa. Dinoflagelati wana mikia miwili, wanaweza kupanda kwenye jua mchana na kushuka kwenye chakula usiku, na hupenda maji yaliyotulia. Halafu kuna wale wa kaskazi ambao wavuvi wamewaona miaka yote, utando wa rangi ya vumbi la msumeno ulioelea mistari mistari nje ya mwamba. Huyo ni Trikodesmiamu, anayeweza kuvuta naitrojeni hewani na kujirutubisha mwenyewe. Kusi ikivuma mambo hubadilika, na masika ya Aprili na Mei, mito ya Kombeni na Tsalu inapoleta udongo wa mashambani, yanabadilika tena. Kwa hiyo ukijua nani amezidi, unajua maji yanaelekea wapi siku kadhaa kabla ya pua yako kujua.

Nimewahi kuambiwa kwa mdomo kwamba maji "hupimwa kila robo mwaka". Tupige hesabu ya darasa la sita. Kijimea kimoja kinaweza kujigawa kuwa viwili kwa siku. Lita yenye 1,000 Jumatatu hii, mambo yakikiendea vizuri, ina 128,000 Jumatatu ijayo. Anayepima kila miezi mitatu anapima makaburi.

Na kwa nini samaki walikufa alfajiri? Mchana vijimea hutoa oksijeni. Usiku, jua likiwa halipo, navyo huvuta pumzi kama sisi, na vinavyokufa huoza, na bakteria wanaoviozesha huvuta pumzi vilevile. Vikiwa vingi kupita kiasi, oksijeni hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa kabla ya jua kutoka. Mkizi anaweza kukimbia. Tafi aliye ndani ya lema hana pa kwenda. Afisa aliyefika saa nne, jua limeshapanda, hata kama angekuja na kipimo cha oksijeni angekuta maji yameanza kupata nafuu. Ndiyo maana naomba mtu wa alfajiri.

2. Maji taka.

Hili mnalijua, nami silisemi kama jambo jipya. Sehemu kubwa ya mji huu haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Tunatumia vyoo vya shimo na mashimo ya kunyonya, na mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe ambayo yana matundu kama sponji. Kinachoingia shimoni hakibaki shimoni. Na kuna sehemu ambazo hata shimo halihitajiki, mfereji unamwaga moja kwa moja baharini mchana kweupe.

Kisicho wazi kwa wengi ni kwamba tatizo halipo tu kwenye wingi wa mbolea ambayo maji taka huvipa vijimea, lipo pia kwenye mchanganyiko wake. Tangu 1934 Mmarekani Alfred Redfield alianza kuonyesha kuwa vijimea vya bahari hujijenga kwa uwiano, na uwiano tunaoufundisha leo ni chembe 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Dayatomu juu ya hayo anahitaji silika, karibu sawa na naitrojeni. Silika huletwa na mito inayomomonyoa mawe na udongo. Choo hakileti silika ya maana, huleta naitrojeni na fosforasi. Ukimwaga maji taka kwa miaka, unawajaza wote matumbo kisha unamnyima dayatomu mmoja matofali ya nyumba yake, na nafasi yake huchukuliwa na wasiohitaji kioo, wakiwemo hao wenye kuzunguka kama pia. Dayatomu ndio chakula kizuri cha kopepodi wetu. Basi hata mwaka ambao samaki hawakufa, hori inaweza kuwa inageuka kimyakimya, na mvuvi akaona tu kwamba kapu limekuwa jepesi.

Daraja jipya la Makupa, lililochukua nafasi ya tuta la zamani, lilipofunguliwa 2022 tulitumaini kuwa maji ya Tudor na ya hori jirani ya Port Reitz yatapitiana vizuri zaidi. Ni jambo jema na nalishukuru kwa dhati. Katika barua ya pili niliomba vipimo vya kabla na vya baada, tulinganishe. Labda navyo vimo kwenye faili lisiloonekana.

3. Chaza.

Samaki akidhurika unamwona. Chaza haonyeshi. Chaza mmoja huchuja lita kadhaa za maji kwa saa, na vijimea vyenye sumu akivimeza yeye hapati neno, sumu inajikusanya ndani ya nyama yake inamsubiri mwanadamu. Baadhi ya dinoflagelati hutengeneza sumu iitwayo saksitoksini. Huanza kwa ganzi ya midomo na vidole, ikizidi hupooza misuli ya kupumulia. Kuchemsha hakuiondoi. Ndimu haiiondoi, pilipili haiiondoi. Na dayatomu niliyemsifu hapo juu naye ana ndugu mbaya: mwaka 1987 kule Prince Edward Island, Kanada, zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome waliobeba asidi ya domoiki, na 3 wakafa. Sumu hiyo ilitoka kwa dayatomu. Baada ya hapo Wakanada hawakupiga marufuku kome daima. Walianza kupima sumu hiyo.

Asubuhi ile ya maji ya chai nilimkuta dada mmoja wa mtaani kwetu mikokoni, ndoo yake imefika nusu. Yeye huchokoa chaza, huwauza jioni. Akaniuliza, "Mwalimu, niuze nisiuze?" Nikamwambia asiuze. Akamwaga ndoo, akanitazama, akasema, "Ushauri wako mzuri, lakini hauliki." Sikuwa na jibu. Pengine chaza wale hawakuwa na kitu na nilimwibia chakula cha siku. Pengine niliokoa watu. Anayepaswa kujua tofauti hiyo analipwa mshahara kwa ajili hiyo, na hakuwepo.

4. Matokeo hayatufikii.

Mombasa haina upungufu wa wataalamu. Taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi iko Mkomani tangu 1979. Mwaka 1992 meli ya utafiti ya Waholanzi, Tyro, ilifanya kazi katika maji ya pwani yetu, pamoja na wanasayansi wetu. Vyuo vikuu vipo mjini na Kilifi. Watafiti siwalaumu, kazi yao ni kugundua. Kutangaza dikoni, wavuvi wanakoshushia samaki, kwa Kiswahili, siku ambayo habari ina faida, ni kazi yenu.

Najua mtakayoyajibu, kwa sababu mengine nimeshaambiwa ukumbini mwenu nikisubiri kiti.

Mtasema hakuna pesa. Kifuniko cha ndoo, kamba na jiwe ni bei ya sahani ya pilau. Wavu wa kuchuja vijimea, iodini, na kile kigae cha kuhesabia chenye nafasi ya mililita moja ni vitu ambavyo maabara ya kawaida inavyo au inaweza kuvipata. Kipimo cha klorofili, ule ukijani wa vijimea, kinataka chujio na asetoni na mashine, na mashine zipo mjini humu. Ghali ni mafuta ya boti. Wavuvi wa diko letu wamesema watawabeba bure, maana wao wanatoka kila alfajiri hata msipokuja.

Mtasema setilaiti zinaona kila kitu siku hizi. Zinaona bahari kuu, na vizuri. Kuna moja iliyorushwa Februari 2024, PACE, inayosoma rangi ya bahari kwa undani ambao zamani haukuwepo. Lakini picha ya setilaiti imegawanyika vipande, na katika nyingi za aina hiyo kipande kimoja ni kama kilomita nzima. Mdomo wa hori yetu unaweza kumezwa na kipande kimoja pamoja na mikoko, paa za mabati na matope. Na masika ni mawingu matupu. Kwa Tudor hakuna njia ya kukwepa kulowa miguu.

Mtasema ni kudra, mfumuko wa vijimea ulikuwepo tangu dunia. Ni kweli kabisa, na ningekuwa mwalimu mbaya nikikataa. Mapema 2002 samaki walikufa upande wa Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, mbali na uchafu wa mji wowote mkubwa. Lakini mvua nayo ni kudra na bado tuna watabiri wa hali ya hewa. Isitoshe, bila vipimo vya miaka huwezi kutofautisha lililoletwa na kaskazi na lililoletwa na mfereji. Anayesema "ni asili tu" bila kupima anakisia, kama yule aliyesema "ni mafuta tu".

La mwisho, na hili mlinong'oneza: tutatisha watu, watalii wataondoka, samaki hawatanunuliwa. Waheshimiwa, asubuhi ile habari ilifika sokoni kabla jua halijakaza, tena imekuzwa. Ikawa samaki wote wa Mombasa wana sumu. Waliovua nje kabisa ya mwamba, maji ya buluu, walirudi na kibua wazuri wakawauza kwa bei ya kutupa. Karatasi moja yenye muhuri wenu, ikisema ni Tudor pekee, kuanzia hapa mpaka pale, kwa siku hizi, ingeokoa jasho la watu wale. Uvumi ulipata nafasi kwa sababu ninyi mlikaa kimya.

Ninayoyaomba ni machache, na naomba yajibiwe moja moja.

Kwanza, maji yapimwe kila wiki wakati wa kaskazi, tanga mbili (kipindi cha kati ya kaskazi na kusi) na wiki za mwanzo za masika, na angalau kila wiki mbili wakati wa kusi. Yapimwe alfajiri, bamvua na maji mafu, kwa uangavu, joto, chumvi, oksijeni, klorofili na hesabu ya vijimea kwa aina. Mahali: ndani ya Tudor upande wa Mikindani, Makupa, Port Reitz, Mtwapa, na pahali pamoja nje ya mwamba wa Nyali pa kulinganishia.

Pili, matokeo yabandikwe madikoni na sokoni, kwa Kiswahili, kabla ya siku tatu kupita. Rangi tatu zinatosha: kijani, manjano, nyekundu. Wavuvi wakitaka maelezo zaidi watauliza, na wanauliza maswali magumu kuliko wanafunzi wangu.

Tatu, chaza wapimwe sumu kila maji yanapogeuka rangi, na mchokoaji anayezuiwa kuuza aambiwe amezuiwa mpaka lini.

Nne, ramani ya kila mfereji na bomba linalomwaga horini, iwe limeruhusiwa au halijaruhusiwa, iwekwe wazi.

Tano, awepo mtu wa kupigiwa simu ambaye akija, anakuja na chupa.

Haya siyaombi kama hisani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinanipa haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Hoja ya kwanza, ya pili na ya nne nawahesabia siku 21 tangu leo. Ile ya chaza naihesabu kwa saa.

Chupa ya asubuhi ile bado ninayo, kwenye kabati, mbali na mwanga. Iodini hupauka. Kila mwisho wa mwezi naiongeza matone machache mpaka rangi irudi kuwa ya chai, lakini haiwezi kukaa hivyo milele, vilivyomo vitaharibika. Ina tarehe, saa, na jina la mahali kwa mwandiko wa kijana aliyeniuliza lile swali. Mtu wenu akitaka kuichukua nipo nyumbani kila siku, isipokuwa Jumamosi asubuhi, ambapo nitakuwa chini kule na kifuniko cha ndoo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Mikindani

Nakala: Wavuvi na wachokoaji wa diko letu; wazazi wa chama cha sayansi.